Koo Langu na Kibuyu cha Uji

Sauti yangu ilinipotea majuma yale yale niliyoihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na nitasema mapema kwamba sikuwa nimepiga kelele, sikuwa nimenyeshewa, na hakuna mtu aliyeniroga. Ilikuwa asidi ya tumbo. Nasema hivi kwa sababu huku Karatina, ninakouza nguo za watoto za mitumba, mwanamke akikaukiwa na sauti hapewi nafasi ya kueleza. Anaelezwa. Mwenzangu wa meza ya kushoto alisema ni vumbi la marobota. Wa kulia akasema ni baridi ya mlima. Mteja mmoja, ambaye hata hakununua kitu, aliniambia niende nikaombewe.

Asidi hiyo mimi na yeye tunajuana. Ilinianza mwaka aliofariki mume wangu, kifua kikawa kinawaka kila nikila, na daktari wa wakati ule akaniandikia kapsuli za majuma machache. Majuma yalipokwisha nikanunua nyingine, na nyingine, nikaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Duka la dawa walinizoea. Nikifika mlangoni, msichana wa kaunta alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu kabla sijamsalimia. Nilimeza moja asubuhi na moja jioni, nikala nyama choma na pilipili, nikanywa chai iliyokolea majani, nikajiona mtu aliyepona.

Halafu mwaka jana niliteleza nyuma ya stoo yangu nikavunjika kifundo cha mkono. Nilienda kliniki moja mjini Nyeri, na daktari wa hapo, mama mpole wa miwani, akataka kujua dawa zote ninazotumia. Nilipomtajia kapsuli na miaka niliyozimeza, aliweka kalamu chini.

"Nani alikuambia hizi ni za maisha?"

"Hakuna mtu."

"Basi tutapunguza pole pole. Na nikuambie ukweli, mama, tumbo yako itakasirika. Imezoea kuzuiwa. Ukiiachilia, itatoa asidi mob, nyingi kuliko zamani, kwanza kabla itulie. Lakini hizi dawa zikimezwa miaka mingi zinaweza kudhoofisha mifupa, na hii mkono yako imevunjika kirahisi sana."

Akanipangia. Kapsuli moja kwa siku badala ya mbili, na baadaye siku moja nimeze, siku moja niruke. Dawa nyeupe ya maji baada ya chakula. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Nisile kisha nikalala. Niache nyanya, machungwa, pilipili, vitu vichachu vyote, na chai.

"Hata chai?"

"Hata chai, kwa sasa."

Nilimtazama kuona kama anatania. Kumwambia mtu wa huku kwetu aache chai ni kumwambia ahame. Lakini nilikuwa na hasira na zile kapsuli, hasira ya mtu aliyegundua amekuwa akilindwa na mlinzi ambaye hakumwajiri, na nikasema nitaziacha hata kama tumbo litapiga nduru. Nilirudi nyumbani nikaweka matofali chini ya miguu ya kitanda siku hiyo hiyo. Tangu hapo nimekuwa nikiamka nimeteleza hadi miguu iko nje ya blanketi.

Nilijitayarisha kwa moto wa kifua. Kifua hakikuwaka. Asidi ilipita kifua kimya kimya ikaenda kukaa kooni. Asubuhi niliamka na ladha ya sarafu ya shaba mdomoni na donge katikati ya koo, donge ambalo halikuwa chakula, halikuwa makohozi, na halikumezeka. Nilikohoa halikutoka. Nilikunywa maji likabaki palepale. Kufika mchana sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, na jioni ilikuwa inakatika katikati ya neno, nikisema "shati" inatoka "sha" na mengine ni hewa. Wateja wakawa wananikaribia sana ili wasikie. Wengine walidhani nawapa bei ya siri, wakanunua.

Daktari alinituma kwa mwenzake wa koo. Huyo alinipitisha waya wenye kamera puani, akanionyesha kwenye skrini kile nilichokuwa nikikitumia kuzungumza siku zote bila kukiona, mikunjo miwili midogo ya sauti, imevimba, myekundu. Akasema hakuna uvimbe mbaya. Ni asidi inayopanda na kuchoma. Itatulia, lakini koo hupona kwa mwendo wake, halikimbizwi. Aliniambia nisinong'one, kwa sababu kunong'ona kunalichosha koo zaidi. Niseme kwa sauti ya kawaida, ya chini, na maneno machache. Na nikisikia hamu ya kukohoa kusafisha koo, nimeze tu mate au maji.

Maneno machache. Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikutoka.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilinikosesha amani, maana koo tu lisingenitisha. Binti yangu alikuwa ameposwa. Anafanya kazi ya maabara Nanyuki, na huko akakutana na kijana ambaye wazazi wake ni wakulima wa mpunga Mwea. Walikuwa wanakuja kwetu kwa kikao cha mahari, kile tunachokiita ruracio, na siku ilikuwa imeshapangwa kabla koo langu halijaanza vituko vyake.

Siku hiyo, kwetu, kuna jambo moja linalozidi mbuzi na hotuba zote. Kinywaji kinamiminwa kwenye kibuyu. Zamani kilikuwa pombe ya muratina. Sisi tuliookoka tunaweka uji uliochachuka. Mzazi wa msichana anakishika kile kibuyu, lakini hakinywi. Kwanza anamwita binti mbele ya watu wote na kumwuliza: ninywe? Akisema kunywa, amekubali kuolewa, na mzazi anakunywa wa kwanza, kisha kibuyu kinajazwa tena kwa wageni. Akisema usinywe, wageni wanarudi na mbuzi wao. Hakuna njia nyingine ya msichana kukubali au kukataa mbele ya ukoo. Ni swali moja na jibu moja.

Siku ya ruracio yangu mimi, aliyeshika kibuyu alikuwa baba yangu mdogo, kwa kuwa baba alikuwa mgonjwa. Aliniita. Akauliza, "Ninywe?" Na kabla sijafungua mdomo akawageukia wageni akasema, "Amekubali," akanywa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki nimesimama na jibu langu. Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba ningesema kunywa. Yule mume nilimpenda, na alikuwa mtu mwema mpaka mwisho wake. Lakini jibu lilikuwa langu, na hakuna aliyelingoja.

Ndiyo maana, watu wa Mwea walipotuma salamu kwamba wanakuja, nilitangaza kwamba kibuyu nitakishika mimi. Mdogo wake marehemu mume wangu hakupendezwa. Huyu shemeji ni mzee wa kanisa, ana sauti ya kuendesha ng'ombe wa kijiji kizima, na tangu kaka yake afariki amejiweka kuwa msemaji wa boma letu bila mtu kumpigia kura. Alisema kibuyu ni cha mwanamume. Nikamwambia huyu mtoto nimemlea mimi, karo nimelipa mimi kwa meza ya mitumba, na swali nitauliza mimi. Alisukuma kikombe chake pembeni akaondoka, na nilijua hajakubali.

Kwa hiyo koo langu lilipokauka, alikuwa mtu wa kwanza kuja kunipa pole. Alikuja na pakiti nzima ya kapsuli zangu za zamani, akaiweka juu ya meza.

"Shemeji, rudia tu dawa yako. Ama uwache mimi niongee hiyo siku. Si unaona hata mwili imekataa?"

"Mwili haujakataa kitu," nilisema, na neno la mwisho likakatika.

"Ona sasa. Ati hata hiyo hujamaliza."

Nilikuwa na hamu ya kumrushia ile pakiti. Badala yake niliiweka kabatini, na alipoondoka nilimpigia simu daktari wangu, kwa sababu mimi si mjinga, nilitaka kujua. Alinijibu bila kunificha.

"Ukitaka kurudia unaweza, mama, si dhambi. Lakini koo haitapona kwa siku chache juu ya hiyo. Na tukirudia, hii yote umevumilia tunaanza upya."

Nikamshukuru. Nilikaa jikoni nikalifikiria jambo hilo, na kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyozidi kukasirika. Niliogopa, nakubali. Niliogopa kufungua mdomo mbele ya watu na kitoke kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini kurudia dawa kwa sababu shemeji ameileta mkononi? Asubuhi yake ilikuwa zamu ya kuruka kapsuli, nikairuka.

Wanawake wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kusaidia kupanga mapishi, na kila mmoja alibeba tiba yake. Asali na ndimu. Tangawizi na ndimu. Kitunguu saumu na ndimu. Niliwaeleza kwamba ndimu kwa koo langu ni kumwaga petroli jikoni. Walinitikisia vichwa kwa huruma, kisha nikainua kikombe changu cha maji ya moto nikakuta mmoja ameshatumbukiza kipande cha ndimu.

Uji niliuchachusha mwenyewe. Nilisaga mahindi na mtama, nikakoroga, nikaufunika pembeni ya jiko mpaka ulipoanza kutoa povu na harufu ile kali inayofanya mate yajae mdomoni. Binti yangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Nanyuki, aliunusa akaniangalia.

"Mum, hii itakuchoma vibaya. Si tuweke tu uji plain kwa kibuyu? Hakuna mtu atajua."

"Wale mama wa Mwea watajua wakionja."

"Basi onja kidogo tu."

"Wewe kazi yako ni kunijibu nikikuuliza," nilimwambia. "Ufikirie vizuri. Ukisema nisinywe, sinywi, na hao wageni nitawasindikiza mimi mwenyewe mpaka kwa barabara."

Alicheka, kisha akaona sicheki, akaacha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba mama yake anamaanisha.

Siku yenyewe wageni walichelewa kwa sababu gari lao moja lilipasuka gurudumu karibu na Sagana. Walipofika walikuta wanawake wetu wamefunga lango na wanaimba, kama desturi, wakidai waambiwe ni akina nani na wanataka nini. Mimi ndiye huwa naanzisha nyimbo hizo. Siku hiyo nilisimama nyuma mdomo umefungwa, nikiiwekea akiba sauti yangu kidogo iliyobaki, na nilisikia uchungu kweli kusikia mwingine akianzisha wimbo wangu kwa ufunguo wa chini. Lango likafunguliwa. Wakaingia na mbuzi, na magunia ya mchele wao mabegani, na msemaji wao mbele, mzee mnene mwenye kofia na sauti iliyojaza hema lote.

"Tumepotelewa na kondoo wetu!" alinguruma, kwa lile fumbo la desturi la kuulizia msichana. "Tukasikia imeingia kwa hii boma!"

Ni mimi niliyetakiwa kumjibu. Nilisimama nikasema, kwa sauti ya chini kama nilivyoagizwa, polepole, kwamba hapa hakuna kondoo aliyepotea, kuna watoto wa hapa tu, na karibuni mkae.

Jambo la ajabu likatokea. Yule mzee aliinamisha kichwa ili anisikie, na alipojibu, alijibu kwa sauti ya chini pia. Hakukusudia. Mtu akiongea nawe polepole nawe unashuka. Waliokuwa viti vya mbele wakaacha kunong'onezana, wa katikati wakasogea, wanawake wa sufuria wakaacha kugonganisha vifuniko. Ruracio nilizohudhuria zote ni kelele. Hii yetu iliendelea kama watu wanaogopa kumwamsha mtoto.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma, karibu na nguzo ya hema. "Hatusikii huku!" akapaza sauti.

"Si unyamaze basi usikie," shangazi wa kijana alimjibu, na watu wakacheka.

Mazungumzo yakaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikihisi donge linapanda nameza, linapanda nameza. Lakini koo lilikuwa linachoka, na nililijua linavyochoka. Maneno yalianza kukosa miisho. Ndipo kibuyu kikaletwa.

Binti yangu alisimama mbele yangu na leso begani. Kijana wake alikuwa ameketi katikati ya wajomba zake, anajipangusa jasho. Nilikishika kibuyu kwa mikono miwili na harufu ya uji ikanipanda. Nikasema, "Mwanangu, hawa watu wamekuja kwa ajili yako. Nataka kukuuliza mbele yao, niny..." na sauti ikakatika.

Nilijaribu tena. Ikatoka hewa.

"Anauliza kama anywe!" Shemeji alikuwa ameshafika katikati ya hema. "Na msichana amekubali, sisi wote tunajua amekubali, ndio sababu tuko hapa! Shemeji, kunywa tuendelee, watu wako na njaa!"

Vigelegele vikaanza. Mtu mmoja akapiga makofi. Nikamwona binti yangu amesimama, mdomo umefunguka kidogo, na hakuna aliyekuwa anamtazama.

Sijawahi kukasirika vile. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na kitu cha kupigia. Lakini nilikuwa na kibuyu. Na mpaka aliyekishika ameze, hakuna ruracio, hakuna chakula, hakuna kuendelea. Nilikaa chini. Nikakiweka kibuyu magotini, nikakifunika kwa kiganja, nikamtazama shemeji.

Vigelegele vikakosa nguvu, vikakoma. Wageni wakaanza kutazamana. Yule mzee wa kofia akaniinamia.

"Mama, hunywi? Kuna kitu tumekosea?"

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha binti yangu kwa kidole.

Hema lote likamgeukia. Shemeji alisema neno lingine, silikumbuki, na safari hii watu waliendelea kumtazama binti yangu. Kijana alikuwa amekuwa rangi ya majivu, na nilimhurumia, lakini sikuondoa kiganja. Koo liliniwasha mpaka machozi yakanilengalenga. Nikameza mate. Nikangoja. Nilijua kabisa kwamba huenda akasema nisinywe, na nilikuwa tayari kwa hilo kama nilivyokuwa tayari kwa lile lingine.

"Mimi bado sijaulizwa," binti yangu alisema. Hakusema kwa hasira, alisema tu. "Uncle ameuliza na amejijibu. Mum, uliza tena. Mimi nangoja."

Nikanywa maji. Nikasimama. Nilisahau maneno yote mazuri niliyokuwa nimeyapanga, nikatafuta yale machache tu, nikayasukuma kutoka chini tumboni kule kule asidi inakotoka, na yakatoka mabaya, yamekwaruzika, lakini yakatoka yote.

"Ninywe, mwanangu?"

Alimtazama yule kijana, akamtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba mjomba mmoja alikohoa. Halafu akatabasamu.

"Kunywa, Mum."

Kisha akanisogelea, akaniambia sikioni, "Onja tu, si lazima umalize."

Kuonja kulitosha, na kila mtu hemani alijua hivyo. Uji ulikuwa mkali, mzuri, uliochachuka sawasawa, na ulishuka ukichoma kila mahali yule daktari wa koo aliponionyesha kwenye skrini. Nilijua utapanda tena usiku, nilijua kesho sitakuwa na sauti hata ya kumwita kuku, na kwamba shemeji atakuja kunieleza mambo kwa saa nzima bila mimi kuweza kumjibu. Yote yalitokea hivyo hivyo. Na kapsuli sikurudia. Pakiti yake iko kabatini mpaka leo. Lakini pale hemani binti yangu alikuwa amejibu kwa mdomo wake mwenyewe, na watu wote wamengoja, nami nilikiinua kile kibuyu nikanywa mpaka kikawa kitupu.